Redio inasikia lakini haisikiki: historia ya waya wa antena kwenye vyombo vya tanga

Hapa tumezoea kuzungumza mbegu, mbolea na bei za sokoni, lakini leo tunaingia baharini. Mazao ya wengi wenu hayaishii shambani wala gulioni. Mwani wa Pemba, nazi na mbata za Mafia, dagaa waliokaushwa, mbao na mkaa, vyote hivi hupanda jahazi au mashua kabla ya kugeuka pesa mkononi mwako. Mwenye shehena humuuliza nahodha habari za tanga, habari za maji yanayoingia chomboni, na nauli. Ni nadra kumsikia akiuliza habari za ule waya mweusi unaopanda na mlingoti.

Swali ambalo wenye vyombo huuliza ni hili: "Redio yetu inasikia wengine vizuri, lakini tukiita hatujibiwi. Tununue nyingine?" Usinunue kwanza. Redio yenyewe imekaa chini, mahali pakavu, ndani ya sanduku lake. Waya wake ndio unaokaa juu kwenye jua, chumvi na mtikisiko mchana na usiku. Kusikia ni kazi nyepesi, kwa sababu kituo cha bandari kina mnara mrefu na sauti yake hukufikia hata kwa waya mbovu. Kusikika ndiko kunakohitaji nguvu yako yote ifike juu ya mlingoti. Waya ukiwa umeoza, nguvu hiyo huishia njiani kama maji kwenye mpira uliotoboka.

Ningeweza kukuambia tu kata hapa, lehemu pale, tukamaliza. Nitafika huko. Lakini ukijua waya huu umefikaje juu ya mlingoti na umewasumbua watu gani, utaelewa kwa nini unatengenezwa hivi na si vile, na hutamsikiliza fundi anayekuambia nyaya zote ni sawa.

Waya mtupu juu ya mlingoti

Mwaka 1898 Mwitaliano Guglielmo Marconi alikuwa na umri wa miaka 24. Julai ya mwaka huo alipanda meli ndogo ya kuvuta meli nyingine na kufuata mashindano ya vyombo vya tanga huko Kingstown, karibu na Dublin. Habari za nani anaongoza alizirusha bila waya hadi nchi kavu, gazeti likazichapa wakati mashindano bado yanaendelea. Kwa hiyo redio na tanga zilikutana mapema sana, redio ikiwa bado mtoto.

Desemba ya mwaka huohuo aliweka mtambo kwenye East Goodwin. Hii ilikuwa meli ya taa, yaani chombo kilichotiwa nanga moja kwa moja ili kiwe badala ya mnara wa taa pale ambapo mnara haujengeki. Kilikaa kando ya fungu kubwa la mchanga liitwalo Goodwin Sands, kusini-mashariki ya Uingereza, fungu lililokwisha kumeza vyombo visivyo na idadi. Wewe wa pwani unajua fungu ni nini: leo maji kupwa unaliona, kesho maji kujaa unalisahau, na chombo kinakaa juu yake kama kuku kwenye mayai. Antena ya meli hiyo ilikuwa waya tu, umening'inizwa kutoka juu ya mlingoti hadi chini kwenye mtambo. Upande wa pili, kiasi cha kilomita 19, ulikuwapo mnara wa taa wa South Foreland na waya wake.

Machi 1899 meli iitwayo Elbe ilipanda fungu hilo, na wale mabaharia wa meli ya taa wakaita msaada kwa redio. Mwishoni mwa Aprili zamu ikawa yao wenyewe. Meli ya mvuke R. F. Matthews iliwagonga katika ukungu, wakajiitia msaada kwa waya uleule. Hebu fikiria kabla ya hapo wangefanya nini: wangepiga mizinga na kuwasha fataki, wakitegemea kwamba nchi kavu kuna mtu aliye macho na kwamba ukungu utamruhusu aone.

Waya wa siku zile haukuwa na ganda. Shaba tupu ilishikwa juu na vikombe vya kaure au kioo ili umeme usivujie kwenye mlingoti. Chumvi ya bahari ilikaa juu ya vikombe hivyo, na vikilowa, umeme ulipita juu ya utando wa chumvi ukaishia mbaoni. Tatizo hilohilo unalo leo, ila limehamia ndani ya ganda ambamo hulioni.

Tatizo la pili lilikuwa upepo. Marconi alipotaka kuvusha mawimbi ya redio ng'ambo ya Atlantiki, alijenga huko Poldhu, Cornwall, duara la milingoti 20, kila mmoja karibu mita 60 kwenda juu. Septemba 1901 tufani iliiangusha yote. Hakusubiri kuijenga upya ilivyokuwa. Alisimamisha milingoti miwili mifupi zaidi, akatandaza nyaya kati yake kama kipepeo cha kupepea mkaa, kazi ikaendelea. Desemba mwaka huohuo, upande wa pili kule Newfoundland, alipandisha waya wa kupokelea kwa tiara. Antena ya ghali ilikuwa imelala chini, na antena ya tiara ndiyo iliyofanya kazi.

Meli Aurora, 1915 hadi 1916

Kisa kinachofuata nimekipa nafasi kubwa kwa sababu sijui kingine kinachoonyesha vizuri zaidi antena inavyoweza kuwa uhai wa watu ambao hata hawamo chomboni.

Aurora ilijengwa Dundee, Uskoti, mwaka 1876, kwa kazi ya kuwinda nyangumi. Ilikuwa na milingoti mitatu ya tanga, na injini ya mvuke ya kusaidia. Mwaka 1915 ilikuwa imefungwa kwa nanga na kamba nzito za chuma kwenye ufukwe wa Cape Evans, katika bara la barafu la Antaktika. Ilikuwa imepeleka kundi la watu wa msafara wa Ernest Shackleton. Kazi ya kundi hilo ilikuwa kuweka maghala ya chakula njiani kwa ajili ya Shackleton, aliyekuwa anatarajiwa kulivuka bara zima kutoka upande wa pili.

Usiku wa tarehe 6 Mei 1915 dhoruba ilikata kamba zote. Barafu iliibeba meli ikaenda nayo, ikiwa na watu 18. Nchi kavu walibaki watu 10, na sehemu kubwa ya vifaa vyao ilikuwa bado haijashushwa. Wale 10 hawakujua kama meli imezama au inaelea. Wale 18 hawakuweza kurudi. Na duniani kote hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba jambo hilo limetokea.

Mwenye redio alikuwa kijana Lionel Hooke, Mwaustralia, bado hajafika miaka 20. Mtambo wake ulikuwa mdogo, wa kuzungumza na watu wa karibu, na kituo cha kumjibu kilikuwa mbali mno. Alianza kutundika nyaya na kuita siku zilezile za mwanzo. Akaita wale wa nchi kavu, akaita kisiwa cha Macquarie ambako kulikuwa na kituo cha redio. Hakujibiwa. Kule jua halichomozi kwa miezi kadhaa wakati wa baridi, barafu hukaa juu ya waya ikaufanya mzito, na upepo ni ule unaong'oa vitu. Julai barafu ilivunja usukani wa meli. Wakawa ni watu 18 ndani ya chombo kisicho na usukani, makaa ya mawe yakipungua, wakichukuliwa na barafu kuelekea kaskazini kwa kasi isiyokuwa yao.

Nahodha wakati huo alikuwa Joseph Stenhouse, kwa sababu mkubwa wake, Aeneas Mackintosh, alikuwa miongoni mwa waliobaki nchi kavu. Stenhouse na mafundi wake walitengeneza usukani wa kubahatisha kwa vipande vya miti na vyuma. Tarehe 14 Machi 1916, baada ya siku zaidi ya 300, meli ilitoka kwenye barafu na kuingia maji ya wazi.

Hapo Hooke akarudi kwenye antena yake. Hakuwa na mtambo mpya wala nguvu zaidi ya aliyokuwa nayo. Alichoweza kubadilisha ni kile kilichokuwa juu. Akatundika antena ya nyaya nne kwa pamoja badala ya ile ndogo, kiasi cha mita 24 juu ya sitaha, juu kuliko alivyokuwa amefanya kabla. Katika juma la mwisho la Machi kituo cha Bluff, kusini kabisa mwa New Zealand, kilimsikia, na Hobart kule Tasmania pia. Hali ya anga usiku huo ilimsaidia, hilo lisemwe wazi. Kwa siku za kawaida mtambo ule usingefika mbali kiasi hicho. Lakini anga nzuri isingemfaa kitu kama waya ungekuwa umelala kwenye sitaha.

Meli ya kuvuta ilitumwa kuwapokea, na tarehe 3 Aprili 1916 Aurora iliingia Port Chalmers. Kwa ule ujumbe wa redio dunia ilijua kwamba kuna watu 10 wameachwa kwenye barafu. Aurora ilitengenezwa, ikarudi, na Januari 1917 ikawakuta 7 wakiwa hai. Watatu walikuwa wamekufa, Mackintosh akiwa mmoja wao. Maghala ya chakula walikuwa wameyaweka yote, kwa ajili ya Shackleton ambaye hakufika kamwe, kwa kuwa meli yake Endurance nayo ilishavunjwa na barafu upande wa pili. Endurance ilikuwa na mtambo wa kupokea tu, wa kutuma haikuwa nao. Hiyo ndiyo redio inayosikia lakini haisikiki.

Waya ndani ya waya

Sasa tuje kwenye ule waya mweusi wa kwako. Uukate uutazame. Katikati kuna shaba, imezungukwa na plastiki nyeupe, plastiki imezungukwa na wavu wa nyuzi za shaba, na nje kuna ganda jeusi. Mafundi huuita kebo ya koaksia. Aliyeupatia hati ya kumiliki ubunifu mwaka 1880 ni Oliver Heaviside wa London, mtu aliyewahi kuwa karani wa simu za maandishi, masikio yake mabovu, akaacha kazi akiwa kijana na kujifungia nyumbani na hesabu zake. Wazo lake ni kwamba waya mmoja ukikaa ndani ya mwingine, umeme wa ndani hauvujii nje na kelele za nje haziingii ndani. Wakati huo redio haikuwapo. Alikuwa anafikiria simu zinazopita sambamba na kuingiliana.

Kilichokosekana ni kitu kizuri cha kuweka katikati. Karne ya 19 walitumia utomvu mgumu uitwao gutaperka, unaotoka kwenye miti ya misitu ya Malaya na Borneo. Kwetu pia ulifika: simu ya chini ya bahari iliyolazwa mwaka 1879 kutoka Aden kuja Zanzibar, kisha Msumbiji hadi Durban, ilifunikwa kwa utomvu huo. Hapa niseme kama afisa ugani: miti ile haikugemwa kama mpira, iliangushwa mzima ili kupata utomvu kidogo, na baada ya miongo michache wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba miti imekwisha. Hakuna aliyepanda mingine kwa wakati.

Machi 1933 wakemia wawili wa kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walikuwa wanabana gesi kwa shinikizo kubwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Ndani ya mtungi wakakuta unga mweupe kama nta. Ndiyo polithini. Wewe unaijua kwa viriba vya miche na mabomba ya maji meusi. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa ndani ya nyaya, na katika Vita vya Pili vya Dunia ndiyo iliyowezesha mitambo ya rada kupakiwa kwenye ndege. Vita vilipokwisha, kebo ya koaksia nyepesi ikapatikana hata kwa mwenye mashua.

Hapo ndipo antena ilipopanda hadi ncha ya mlingoti. Redio za VHF zinazotumiwa na vyombo vidogo hutuma mawimbi yanayokwenda moja kwa moja na hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo urefu wa antena ndio unaoamua. Antena iliyo mita 9 juu ya maji huona kiasi cha kilomita 12 hadi upeo wa bahari. Redio ya mkononi aliyoishika mtu aliyekaa, mita moja na nusu juu ya maji, huona kilomita 5 tu. Mashua mbili zenye antena za mita 9 husikilizana umbali wa kilomita 24 hivi. Mbili zenye redio za mkononi, kilomita 10. Simu yako ya kiganjani haiingii kwenye hesabu hii, kwa sababu inategemea minara iliyoelekezwa nchi kavu, na hata ikishika mtandao inamwita mtu mmoja tu. Chaneli 16 husikiwa na wote walio karibu.

Lakini kupanda juu kulileta gharama. Waya ukiwa mrefu na mwembamba hula nguvu. Ule mwembamba wenye unene wa milimita 5 hivi, umeandikwa RG-58 ubavuni, ukiwa na urefu wa mita 15 hupoteza karibu nusu ya nguvu hata ukiwa mpya. Redio ya wati 25 inakuwa ya wati 12 na ushee ikifika juu. Ule mnene wa RG-213, kama milimita 10, kwa urefu huohuo hupoteza kati ya robo na theluthi. Hiyo ni kabla maji hayajaingia.

Mlingoti ukianguka

Agosti 1979 vyombo vya tanga 303 viliondoka Cowes, Uingereza, kwenda kuzunguka mwamba wa Fastnet na kurudi. Dhoruba iliwakuta usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Washindani 15 walikufa, vyombo 24 vilitelekezwa, na 5 kati ya hivyo vilizama. Si vyombo vyote vilivyokuwa na redio ya kutuma. Baada ya msiba huo redio ya VHF ikawa sharti la kushiriki.

Desemba 1998, mashindano ya Sydney hadi Hobart, vyombo 115 vilianza na 44 tu vikamaliza. Watu 6 walikufa, 5 kati ya vyombo vilizama, na watu 55 waliokolewa. Safari hii redio zilikuwapo. Lakini chombo kama Sword of Orion kilipopinduliwa na wimbi, mlingoti ulikwenda na maji, na antena iliyokuwa juu yake ikaenda nao. Redio nzima kabisa, waya umekatika shingoni.

Kanuni za kimataifa za mashindano ya bahari kuu, zinazotolewa na World Sailing, zina mambo mawili ambayo naona yangefaa hata kwa jahazi la mizigo. La kwanza, waya wa antena ya VHF usipoteze zaidi ya asilimia 40 ya nguvu. La pili, kama antena inategemea mlingoti, lazima chomboni kuwe na antena ya dharura. Hakuna sheria inayokulazimisha wewe mwenye mbata kumdai nahodha mambo hayo. Mdai tu.

Namna ya kuutengeneza

Zima redio. Usibonyeze kitufe cha kusema wakati waya umefunguliwa, kwa sababu nguvu isiyokuwa na pa kwenda hurudi na inaweza kuunguza sehemu ya kutumia ndani ya redio.

Chomoa waya ncha zote mbili, chini kwenye redio na juu kwenye antena. Chukua testa, gusa shaba ya kati kwa ncha moja na wavu kwa ncha nyingine. Isionyeshe mguso wowote. Ikionyesha, ndani kuna maji, au mahali fulani waya umebanwa. Wengi hukosea hapa kwa kupima bila kufungua juu: antena nyingi zimeundwa hivi kwamba shaba na wavu hugusana ndani yake kwa makusudi, kwa hiyo testa hulia na mtu anakata waya mzima usio na kosa. Baada ya hapo unganisha shaba na wavu upande mmoja, upime upande wa pili. Sasa testa ionyeshe karibu sifuri. Isipoonyesha, kuna mkato katikati.

Kisha chunguza kwa macho na vidole. Kwenye jahazi waya huumia zaidi pale foromali inapopita mlingoti wakati wa kubisha, pale kamba ya kupandishia tanga inapougonga, na pale unapopenya sitaha. Angalia pia vichwa vya waya, kwa sababu kile kichwa cha kawaida kiitwacho PL-259 hakizuii maji hata kidogo. Maji yakiingia juu hunyonywa na wavu kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, yakashuka mita kadhaa bila ganda kuonyesha chochote.

Kata kichwa, chuna ganda, tazama shaba. Iwe inang'aa. Ikiwa nyeusi au ina kutu ya kijani, kata sentimita kumi nyingine, uendelee hadi ufike kwenye shaba safi. Ukikata zaidi ya nusu mita bado ni nyeusi, acha kubembeleza, badilisha waya wote. Kabla ya kuutoa ule wa zamani mlingotini, funga uzi imara mwisho wake ili uzi huo uvute mpya. Ukipata waya ambao shaba yake imepakwa bati, yaani ina rangi ya fedha, nunua huo kwa ajili ya bahari.

Usisokote shaba kwa shaba na wavu kwa wavu kama unavyounga waya wa taa. Koaksia hufanya kazi kwa sababu nafasi kati ya shaba na wavu ni ileile mwanzo hadi mwisho. Ukiisokota unaweka ukuta njiani na sehemu ya nguvu inarudi. Weka kichwa kila upande na kiungio cha kuviunganisha. Na usikubali waya wa televisheni. Ule una kipimo cha omu 75, redio ya chombo inataka omu 50.

Katika kulehemu kwa risasi, tumia chuma chenye moto wa kutosha na fanya haraka. Ile plastiki nyeupe ya Gibson na Fawcett huyeyuka mapema, na ukikawia shaba inazama ndani yake ikagusa wavu. Pima tena kwa testa kabla ya kufunika.

Kufunika ndiko mafundi wengi wa mjini hawakupi uzito. Tepu ya kawaida ya umeme peke yake haikai, jua huilegeza gundi. Tumia mkanda wa mpira unaovutwa ukajigandisha wenyewe, kisha juu yake tepu ya umeme kuulinda na jua. Anza kuzungusha kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kama unavyoezeka makuti, ili maji yateremke juu ya maungio na si ndani yake. Ukitaka kutumia silikoni ya madirisha, inuse kwanza. Yenye harufu ya siki hula shaba, iache.

Karibu na redio na kwenye tundu la sitaha, acha waya ushuke kidogo chini kisha upande tena, ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani. Funga waya kwenye mlingoti kila baada ya hatua moja, uzito wake usining'inie kwenye kichwa.

Kile kipande kizuri cha waya kilichobaki usikitupe. Kikiwa na mita tano na kichwa upande mmoja, ni antena ya dharura. Upande usio na kichwa pima sentimita 46, chuna ganda la nje bila kukata wavu, ulegeze wavu, kisha uukunje kurudi chini juu ya ganda kama unavyovua soksi. Shaba ndani ya plastiki yake inasimama sentimita 46, wavu unashuka sentimita 46. Funga kwa kamba kwenye ufito mkavu wa mwanzi, ziba ncha kwa mkanda, kunja, weka kwenye mfuko wa nailoni karibu na redio. Kabla ya kuuhifadhi, ujaribu mkiwa bandarini: weka redio kwenye nguvu ndogo ya wati 1, hamia chaneli ya kazi badala ya 16, na mwombe nahodha wa chombo kingine akuambie anakupataje. Halafu rudisha antena ya mlingotini, umwulize tena.